Riziki ya Mtandaoni kwa Mke Aliye Ughaibuni

Zamani, mwanamke wa Pwani aliyemfuata mumewe Arabuni alisafiri na ujuzi wa mikono yake. Alipaka hina nyumbani kwa majirani, alishona madera, na ikifika Ramadhani alipokea oda za sambusa na kaimati, akapata cha kumtumia mamake. Hadi leo wapo wafanyao hivyo Muscat na Dubai, na riziki yao ni ya heshima. Lakini kimezuka kizazi kilichotoka vyuoni na shahada mkononi, na hali iliyowakuta ni nyingine. Mume amepata kazi ya uhandisi, ya benki au ya bandari. Mke amepata viza ya kumfuata mume. Na shahada imetiwa sandukuni pamoja na cheti cha ndoa, ikisubiri siku isiyojulikana.

Katika nyumba za namna hii ndimo habari ya kazi za mtandaoni huingia, aghalabu kwa ujumbe wa WhatsApp ambao hakuna ajuaye ulianzia wapi. Ujumbe huahidi fedha nyingi kwa saa mbili za kazi. Hauelezi kazi yenyewe ni ipi, wala mlipaji ni nani, wala sheria ya nchi unayoishi inasemaje. Makala haya yanakusudia kuyasema hayo matatu, kwa kuwa kazi ya halali ya aina hii ipo, na wapo dada zetu wanaoifanya. Ila njia ya kuifikia si ile iliyoandikwa katika ujumbe huo.

Tuanze na maana. Kazi huru ya mtandaoni ni ile ambayo hukuajiriwa na mtu kwa mshahara wa mwezi, bali unapewa kazi moja, unaimaliza, unalipwa, kisha unatafuta nyingine au mteja yule yule akurudie. Mteja yuko London, wewe uko Doha, na baina yenu lipo jukwaa linalokutanisha pande mbili, kama dalali wa zamani aliyewakutanisha mwenye bidhaa na mnunuzi naye akachukua chake. Upwork ni moja ya majukwaa hayo. Lilitokana na kuunganishwa kwa makampuni mawili, Elance na oDesk, likachukua jina la sasa mwaka 2015. Fiverr lilianza 2010. Watafsiri wana uwanja wao maalumu, ProZ, ulioanzishwa 1999. Wanaofundisha lugha hukutana na wanafunzi katika Preply na italki.

Dalali huyo halipwi kidogo. Fiverr hukata asilimia 20 ya kila anachokipata mfanyakazi. Preply huchukua malipo yote ya somo la kwanza la kila mwanafunzi mpya, kisha hukata asilimia 33 ya masomo yanayofuata, na kiwango hicho hushuka hadi 18 kadiri saa za kufundisha zinavyoongezeka. Upwork nalo hukata sehemu yake, na juu ya hilo mfanyakazi hutumia vijitiketi vya kununua ili apate ruhusa ya kuomba kazi. Anayeingia bila kuyajua haya hupiga hesabu ya dola asizozipata.

Hebu tupige hesabu moja ya mfano. Umepewa waraka wa maneno 1,000 uutafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, kwa senti nne za Marekani kwa neno. Hiyo ni dola 40. Jukwaa likikata asilimia 20, zinabaki dola 32. Ukiwa Falme za Kiarabu hizo ni dirhamu 117 na fulusi kadhaa, kwa sababu dirhamu imefungwa na dola kwa kiwango kimoja cha 3.6725 tangu 1997. Ondoa ada ya kuhamisha fedha hadi benki. Maneno 1,000, ukiyatafsiri kwa uangalifu na kuyasoma upya, ni kazi ya nusu siku. Kwa mwenye watoto wawili wadogo nusu siku hiyo haipatikani mfululizo. Hupatikana vipande vipande, kimoja watoto wakilala mchana na kingine baada ya Isha. Je, dirhamu mia na ushei kwa nusu siku ni haba au ni tele? Jibu liko kwa kila mwenye nyumba yake, lakini afadhali alijibu akiwa na tarakimu sahihi.

Sasa tuje kwenye sheria, ambayo ndiyo inayopuuzwa zaidi, na hapa ndipo penye hatari ya kweli.

Watu wengi hudhani kwamba maadamu mteja yuko nchi nyingine na fedha zinatoka nje, basi serikali ya nchi unayoishi haina neno. Si hivyo. Nchi nyingi hutazama mahali mfanyakazi alipoketi akifanya kazi. Mke aliye Falme za Kiarabu kwa viza ya familia yuko chini ya udhamini wa mumewe. Viza hiyo humpa haki ya kuishi, haimpi haki ya kufanya kazi. Atakaye kufanya kazi sharti apate kibali. Nchi hiyo ina kibali cha kazi kwa walio chini ya udhamini wa jamaa zao, na pia vibali vya kazi huru, vingine vikitolewa na wizara inayohusika na ajira na vingine na maeneo huru ya kiuchumi. Kibali kinachotolewa Dubai kwa watu wa habari, elimu, teknolojia na ubunifu kimekuwa kikitajwa kwa ada ya takriban dirhamu 7,500 kwa mwaka. Ada hubadilika, kwa hiyo ni wajibu kuuliza upya katika ofisi inayotoa kibali chenyewe, si kwa wakala wa mtaani. Irudie sasa hesabu yetu ya dirhamu 117, uone ni nyaraka ngapi zinazohitajika kabla kibali hakijajilipia. Ni sitini na nne.

Vyeti vya Kenya navyo huulizwa. Shahada yako huhitaji kuthibitishwa na Wizara ya Mambo ya Nje kule Nairobi, kisha na ubalozi wa nchi unayokwenda. Aliye bado nyumbani akijitayarisha kusafiri na alifanye hilo kabla hajapanda ndege, kwani kulifanya akiwa ng'ambo ni kutuma karatasi kwa watu na kulipa mara mbili.

Saudia hali ni ngumu zaidi, kwani hati ya kazi huru inayotolewa na serikali imekusudiwa raia wake. Na kwa dada zetu walio huko kwa mkataba wa kazi za nyumbani, neno letu ni fupi: mkataba ule ni wa kazi moja kwa mwajiri mmoja. Kuongeza kazi ya pili kwa siri kupitia simu ni kumpa mwajiri mbaya sababu aliyokuwa akiitafuta.

Walio Uingereza wana mlango mpana zaidi, lakini si wote. Mke wa mtu mwenye viza ya mfanyakazi stadi kwa kawaida ana ruhusa ya kufanya kazi, hata ya kujiajiri. Mwanafunzi mwenye viza ya masomo hana ruhusa ya kujiajiri kabisa. Zile saa 20 kwa wiki anazoruhusiwa wakati wa muhula ni za kuajiriwa, na kazi huru ya mtandaoni haimo ndani yake. Wengi huchanganya hapa. Mwenye ruhusa naye hupata pauni 1,000 za mwanzo kwa mwaka wa kodi bila ya kujiandikisha. Zikipita hapo, hana budi kujiandikisha na mamlaka ya kodi kabla ya tarehe 5 Oktoba baada ya mwaka huo wa kodi kwisha, na mwaka wao wa kodi huisha tarehe 5 Aprili. Marekani ni kali zaidi: mke wa mfanyakazi wa viza ya H-1B hupewa viza ya H-4, na tangu 2015 baadhi yao tu, ambao waume zao wamefikia hatua fulani ya kuomba ukaazi wa kudumu, wanaweza kuomba kibali cha kufanya kazi. Wengine wote, hapana.

Kwa nini tunakaza sana hapa? Kwa sababu kosa la mke katika jambo hili haliishii kwake. Viza ya mke na ya watoto imeshikamana na ya mume, na mashaka yakiingia katika faili moja, nyumba nzima hutikisika: kazi ya mume, shule ya watoto, nyumba ya kupanga iliyolipiwa mwaka mzima. Vijisenti vya tafsiri havifai kuwekwa rehani kwa hayo yote.

Dada mmoja mzaliwa wa Mombasa, ambaye ameomba jina lake lisitajwe, anaishi Sharjah na mumewe kwa mwaka wa nne sasa. Alisomea ualimu, somo lake Kiswahili. Mamake yuko nyumbani na anatumia dawa za shinikizo la damu kila siku. Kila mwisho wa mwezi ilimbidi amwombe mumewe fedha za dawa hizo. Mume hakumnyima hata mara moja. Kilichomchosha ni kuomba. Anasema ilifika hadi akawa anachagua saa ya kuomba, baada ya chakula, kabla ya habari za usiku, na siku moja akajitazama akaona kwamba mwanamke aliyesimamia darasa la watoto hamsini sasa anavizia saa njema ya kuomba fedha za vidonge.

Mwanzo wake haukuwa mzuri. Alipata tangazo la kazi ya kuingiza data, akatakiwa kulipa dirhamu 300 za mafunzo, akalipa, na namba ile haikuonekana tena. Baada ya hapo alikaa miezi kadhaa bila kujaribu. Alipojaribu tena alianza na mumewe: waliketi, wakasoma masharti ya kibali, wakaulizia wizarani, wakapiga hesabu ya ada. Mume alilipa ada ya mwaka wa kwanza kama mkopo, wakaandika deni hilo katika daftari. Kisha akaomba kazi. Anakumbuka aliomba zaidi ya arobaini bila kujibiwa. Kazi ya kwanza ilikuwa barua ya shule moja ya Marekani kwa wazazi wanaosema Kiswahili, ukurasa mmoja na nusu, ikihusu chanjo.

Barua hiyo yatufikisha kwenye jambo ambalo wengi wetu Pwani hatulithamini, nalo ni kwamba lugha tuliyonyonya ni bidhaa. Katika miaka ya karibuni Marekani imepokea wakimbizi wengi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na wengi wao husema Kiswahili. Hospitali, mahakama na shule zinazopokea fedha za serikali ya nchi hiyo zinatakiwa na sheria kuwapa huduma kwa lugha wanayoielewa. Kutokana na hilo pamezuka haja ya watafsiri wa nyaraka, wakalimani wa simu, na watu wa kusikiliza sauti zilizorekodiwa na kuziandika.

Lakini asijidanganye mtu kwamba Kiswahili cha Mvita kinamtosha. Mkongomani wa Lubumbashi au Bukavu atasema lopitalo akikusudia hospitali, kwa kuwa neno limemjia kutoka Kifaransa; atatumia iko mahali ambapo sisi tungesema yupo, kipo au zipo. Mkalimani anayemsahihisha mgonjwa sarufi badala ya kumwelewa hana faida kwa daktari. Anayetaka kazi hii na asikilize redio na mazungumzo ya Wakongo, aandike maneno, ajifunze lahaja hiyo kwa adabu kama mtu ajifunzavyo desturi za nyumba ya wakweze. Ajue pia kuwa makampuni mengi ya ukalimani wa hospitali hutaka mkalimani aliye ndani ya Marekani, kwa ajili ya sheria za siri za wagonjwa. Aliye Ghuba ataona ni rahisi zaidi kuanzia na nyaraka.

Je, mashine hazijaichukua kazi hii? Swali ni la haki. Google ilianza kutafsiri Kiswahili mwaka 2009, na mashine za leo zina ufasaha ambao za wakati ule hazikuwa nao. Wateja wengi sasa hawakupi waraka mtupu. Hukupa waraka uliokwisha kutafsiriwa na mashine, wakutake uusahihishe kwa bei ndogo zaidi. Kazi ya maneno mepesi imepungua, na mwenye kuahidi vingine anauza ndoto. Iliyobaki ni ile ambayo kosa lake lina gharama. Chukua neno moja tu la Kiingereza cha hospitali, "discharge". Katika karatasi moja ni kuruhusiwa kwenda nyumbani, katika nyingine ni uchafu unaotoka kidondani au ukeni. Mama aliyejifungua jana akiandikiwa moja mahali pa jingine, atarudi nyumbani bila kujua dalili ya kumrudisha hospitalini. Mteja mwenye akili hulipa ili karatasi kama hiyo ipite mbele ya macho ya binadamu, na ikiwa binadamu huyo ni mwanamke aliyezaa, si vibaya.

Kazi nyingine inayowafaa dada zetu ni kufundisha. Wapo Wazungu na Wamarekani wanaojifunza Kiswahili kwa ajili ya ndoa, utafiti au kazi ya misaada. Wapo pia watoto wa Kiislamu walio Ulaya na Marekani Kaskazini ambao wazazi wao hutafuta mwalimu wa kike wa kuwafunza kusoma Qur'ani kwa tajwidi, na hapa aliyehitimu madrasa zetu ana kitu asichoweza kukitoa mwenye shahada tupu. Shida ni saa. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi na moja jioni Dubai wakati wa kiangazi chao, na wakati wa baridi ni saa kumi na mbili, kwa sababu wao hurudisha saa nyuma mwezi wa Novemba na kuisogeza mbele mwezi wa Machi, ilhali Ghuba saa haiguswi. Mtoto wa Chicago anayetoka shule alasiri, kwako ni usiku wa manane. Wateja wa Uingereza wako nyuma ya Dubai kwa saa tatu au nne tu, na kwa mama mwenye watoto wa kuamshwa alfajiri tofauti hiyo ni rehema.

Na mwalimu aliye Falme za Kiarabu akumbuke kuwa simu za WhatsApp, za sauti na za video, zimezuiwa huko. Masomo hufanywa kwa Zoom, Microsoft Teams au programu nyingine zilizoruhusiwa. Anayeshauriwa kutumia VPN ili kuvuka kizuizi ajue kwamba sheria ya nchi hiyo ina adhabu nzito kwa kuitumia kuficha kosa.

Wasifu wa kuombea kazi una mambo mawili yanayowakosesha wengi. La kwanza ni kusema kila kitu: mtafsiri, mchapaji, mpishi wa keki, msaidizi wa ofisi, yote katika wasifu mmoja. Mteja anatafuta mtu wa kazi yake, hatafuti duka la rejareja. La pili ni kuandika barua moja na kuituma kwa wateja mia. Dada wa Sharjah alipata jibu lake la kwanza siku aliyoacha kuandika kuhusu nafsi yake. Aliisoma barua ya shule, akaona istilahi mbili za chanjo ambazo huleta utata, akampendekezea mteja maneno ya Kiswahili na sababu yake, mistari sita tu. Picha ya uso hutakiwa katika majukwaa mengi, na stara ya hijabu haijamzuia yeyote tunayemjua. Asiyeridhia kuweka uso wake mbele ya watu anaweza kutafuta wateja kwa njia ya watu wanaofahamiana, ingawa njia hiyo ni ndefu.

Utapeli una sura nyingi lakini chimbuko moja: anakutaka wewe utoe kwanza. Ada ya kujiandikisha, ada ya mafunzo, ada ya kufungulia malipo. Mteja wa kweli humlipa mfanyakazi, hamtozi. Upo mtindo wa kukulipa fedha kidogo kwa kubonyeza ishara ya kupenda video, siku mbili tatu, hata ukaamini. Kisha unaambiwa uweke fedha zako ili upande daraja, na hizo hazirudi. Upo wa mteja anayekutaka mtoke jukwaani mkazungumze Telegram. Ndani ya jukwaa fedha ya kazi huwekwa amana kabla hujaanza, nje ya jukwaa hakuna amana. Na upo wa kukodisha akaunti: mtu anataka kutumia jina na kitambulisho chako kufanyia kazi, akupe sehemu. Siku akiiba, jina lililo mbele ya sheria ni lako, nawe uko nchi ya watu.

Ipo kazi nyingine ambayo huletwa kwa sura ya heshima, nayo ni kuwaandikia wanafunzi wa vyuo vya ng'ambo insha na tasnifu zao. Vijana wengi wa Kenya wameishi kwa kazi hiyo, na hulipwa vizuri kuliko tafsiri. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2022 inayofanya kuwa kosa kutoa au kutangaza huduma hiyo kwa wanafunzi wa England. Lakini hata pasipo sheria ya Mwingereza, Muislamu anajua hukumu yake. Muuguzi aliyepasi kwa kalamu ya mtu mwingine atamhudumia mgonjwa wa kweli. Tunajua kuwa wapo wanaojitetea kwa shida, na shida ni ya kweli. Hata hivyo riziki iliyojengwa juu ya ghushi hatuwezi kuipamba katika ukurasa huu.

Fedha zikishapatikana, zipite wapi? Majukwaa hulipa kwa PayPal, Payoneer au moja kwa moja benki. Kanuni moja ishikwe: nchi iliyoandikwa katika akaunti iwe ile unayoishi kwa kweli, na jina liwe lile lililo katika kitambulisho. Wako wanaofungua akaunti kwa anwani ya Kenya wakiwa Doha, na mfumo ukiwashuku fedha hushikiliwa kwa miezi. Mke afungue akaunti ya benki kwa jina lake. Si lazima awe na mshahara kwa kila benki, kwa hiyo aulize zaidi ya moja. Kumtumia mama nyumbani ni rahisi, kwani mashirika ya kutuma fedha kama Western Union huweza kuzifikisha hadi M-Pesa yake. Tazama kiwango cha kubadilisha fedha, si ada peke yake, maana faida yao kubwa imejificha humo.

Limebaki la ndani ya nyumba. Katika sheria yetu mali ya mke ni yake, na kipato chake hakimwondolei mume wajibu wa kulisha na kuvisha. Hili linajulikana mimbarini, lakini jikoni hubadilika: mke akianza kupata, bili ya umeme humhamia polepole, kisha karo, na hakuna siku jambo hilo lilipozungumzwa. Afadhali lizungumzwe. Akitoa kwa ridhaa yake ni sadaka na wema, na ikiwa ni mkopo, uandikwe kama ulivyoandikwa ule wa kibali. Mume naye ana haki ya kuuliza mteja ni nani na kazi ni ipi, kwa sababu viza iliyo hatarini ni yake. Bi Khadija, Mungu amridhie, hakufuatana na msafara wa Sham. Mali yake ilikwenda na wakala mwaminifu naye akabaki Makka akingoja hesabu. Biashara ya mbali si jambo geni kwetu.

Dada wa Sharjah amemaliza kulilipa deni la kibali mwezi wa tisa. Kipato chake hakilingani na mshahara wa mwalimu wa shule ya kimataifa, na miezi mingine hakuna kitu. Dawa za mamake sasa hulipwa kwa M-Pesa kutoka kwake, na mara moja mamake alipompigia simu mkwewe kumshukuru, mume alimjibu kwamba shukrani hizo si zake.

Wasiwasi alionao sasa ni wa mkataba wa mume, unaokwisha mwakani. Wakirejea Mombasa, au wakihamia nchi nyingine, wateja wake na sifa alizoandikiwa na wateja hao watahama naye, jambo ambalo ajira ya ofisini haina. Lakini itambidi abadilishe nchi katika akaunti kabla hajaomba malipo mengine, aulize upya sheria ya kodi na ya kazi ya huko aendako, na atoe fedha zote zilizo katika benki ya Sharjah kabla viza haijafutwa. Laini yake ya Safaricom ameiweka hai muda wote huu kwa kuitia salio kidogo na kuitumia, kwa kuwa laini iliyolala muda mrefu hufungwa na namba ikapewa mtu mwingine. Na ni katika namba hiyo ambapo benki yake ya Kenya hutuma tarakimu za siri za kuingilia akaunti.